Mdaku na Sikio Langu

Jumatatu, 3 Machi

Barua imefika! Tumepita mchujo wa karatasi! Mdogo wangu aliisoma kwa sauti mara tatu, kisha akakaa juu ya boksi la vifaa akalia. Mimi nikajitia natafuta spana. Mfuko wa serikali wa utafiti kwa biashara ndogo – awamu ya kwanza, miezi sita, kwa mawazo ambayo bado ni mabichi na benki hazitaki hata kuyatazama. Sisi! Karakana ya vyumba viwili, fundi bomba mmoja na injinia mmoja, ndugu tumbo moja.

Wakaguzi wanakuja Alhamisi ya wiki ijayo kuona kwa macho yao. Wakiridhika, tunaanza. Wasiporidhika, mdogo wangu anarudi kampuni ya simu. Wamemshikia nafasi yake hadi mwisho wa mwezi. Miaka miwili aliyoihangaikia mashine yake ya kusikiliza mabomba yanayovuja inakwenda kukaa rafuni. Amelisema hilo mwenyewe, bila kunitazama.

Jumanne, 4 Machi

Tumepima barabara ya nyuma ya soko. Kwenye fomu tulitakiwa kueleza kazi yetu kwa sentensi nne, na nimezikariri kama mtoto wa shule: fundi anaweka nondo ardhini, juu ya bomba, ncha nyingine sikioni. Maji yanayotoroka yana mluzi mwembamba. Mashine inasikiliza mahali hapohapo. Tunalinganisha.

Mashine nimeibatiza Mdaku, maana kazi yake ni kutegea sikio mambo yasiyomhusu. Mdogo wangu hakulipenda jina, sasa analitumia kuliko mimi.

Leo mimi na Mdaku tumepishana mara kumi na moja kati ya arobaini. Mwaka jana ilikuwa tatu, nne. Mdogo wangu akasema kwa unyonge, kaka, mashine imechanganyikiwa. Nikamwambia bado changa, itajifunza. Lakini pale kwenye kona Mdaku aliwasha taa nyekundu na mimi sikusikia kitu. Kitu! Kama nimefunikwa blanketi.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu anauliza tangu lini nimeanza kuongea kwa kupayuka. Nikamjibu yeye ndiye siku hizi ananong'ona. Amenuna.

Ijumaa, 7 Machi

Mlinzi wa shule kapiga simu. Nikaihamishia sikio la kushoto, la kulia halikunipa maana. Ukuta wa vyoo umetitia. Wamechimba, maji yanabubujika, na udongo umeoza – si uvujaji wa jana wala juzi.

Ni palepale tulipopima mimi na Mdaku. Mwezi uliopita Mdaku alisema panavuja. Mimi nikasema pakavu, nikatia sahihi.

Basi mashine haijachanganyikiwa. Aliyechanganyikiwa ni mimi.

Sikumwambia mdogo wangu. Alikuwa meza ya pili, anapuliza vumbi kwenye waya zake, akauliza nani kapiga. Nikasema wamekosea namba.

Jumamosi, 8 Machi

Hospitali. Mke wangu anajua nimekwenda kununua koki.

Mpimaji masikio ni binti mdogo, mpole. Akaniweka kwenye kijumba cha kioo, akanivisha vile vya masikioni: baba, ukisikia mlio bonyeza kitufe. Nikaona kila anapopiga mlio bega lake linacheza. Nikawa nabonyeza kwa kufuata bega. Nilifaulu sana! Akatoka, akageuza kiti changu nikatazamana na ukuta. Akasema, haya baba, turudie, safari hii kwa masikio.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mtu wa miaka hamsini na mbili, naibia mtihani wa kusikia!

Sikio la kulia limekwisha kwa sauti zote nyembamba. La kushoto linafuata nyuma, haliko mbali. Hayarudi. Akauliza nafanya kazi gani. Nikasema bomba. Akasema afadhali, si kazi ya kusikiliza. Nilicheka hadi akashtuka.

Jumatatu, 10 Machi

Ee Mungu.

Mdogo wangu anamfundisha Mdaku upya. Anachukua kila sauti tuliyopishana, anaiambia mashine: fundi ndiye sahihi, wewe umekosea, jirekebishe. Siwezi kumlaumu. Ndivyo tulivyoandika kwenye ombi, ukurasa wa nne: kipimo cha ukweli ni sikio la fundi mwenye uzoefu wa miaka ishirini na sita. Sentensi hiyo niliitunga mimi. Nilijiona mfalme.

Mchana tukapima tena. Akaruka juu. Kaka, mara mbili tu! Mmepishana mara mbili tu! Akanikumbatia, kichwa chake kifuani kwangu, jambo ambalo hajalifanya tangu tumzike mama.

Anamfundisha Mdaku uziwi wangu. Kila siku ninayonyamaza, anazidi kumharibu kwa mikono yake mwenyewe, na anafurahi.

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikasema hongera.

Jumanne, 11 Machi

Nikisema: ukurasa wa nne unageuka uongo, na mtafiti mkuu kwenye fomu ni mimi. Wanaweza kutufuta siku hiyohiyo. Na fundi bomba asiyesikia, nani atamwita?

Nisiposema: Mdaku anakuwa kiziwi mwenzangu, lakini karatasi zinapendeza. Tunapata. Kisha anakwenda kufanya kazi kweli, barabara za watu zinatitia, na jina lililoandikwa juu ya mashine ni la mdogo wangu.

Maji yamenifika shingoni. Kesho nitamwambia. Kesho asubuhi kabla ya chai.

Jumatano, 12 Machi

Sikumwambia. Alikuwa anapiga pasi shati langu la kuvaa kesho.

Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nikiwa stoo ya uwanja wa wakaguzi, daftari juu ya mfuko wa saruji. Nimeaga nakwenda haja.

Hawakuja karakana. Wametuleta kwao! Uwanja mtupu, mabomba wameyalaza wenyewe, mengine wameyatoboa makusudi, na majibu yamo kwenye bahasha iliyofungwa. Mkuu wao, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akatutania: tumezoea mafundi wanaojisifu, leo bomba litajibu lenyewe. Mdogo wangu akacheka. Anajua hatuna la kuogopa. Mimi nikauliza choo kiko wapi.

Mdaku wa leo ataanguka pamoja nami. Mdaku wa wiki mbili nyuma angepita. Na yupo! Mdogo wangu hatupi kitu, kadi ya kumbukumbu yenye Mdaku wa zamani anayo kwenye begi pamoja na ya sasa. Kuibadilisha ni dakika moja. Wakaguzi wanakunywa chai, tunazo kama dakika kumi.

Namwita. Namwambia yote, hapahapa. Wanifute mimi, mashine ibaki.

– Amekuja. Alikuja mbio, pampu inanguruma nje, akasimama upande wangu wa kulia. "Nisamehe" ilikuwa imeshafika ulimini. Akanitangulia. Kadi mbili mikononi, midomo inakwenda haraka haraka, akainua moja, akanikazia macho. Alikuwa ananiuliza kitu.

Nikaitikia kwa kichwa.

Mazoea tu! Ndivyo ninavyoishi na watu siku hizi, naitikia na kutabasamu. Akanipiga begani, akakimbia kabla sijavuta pumzi. Kadi zenyewe zinafanana kama mapacha. Sijui aliinua ipi. Sijui nimekubali nini. Huenda ameshajua kila kitu na alikuwa akiniambia hivyo!

Mlango umefunguliwa. Yule mama amesimama na bahasha yake, na nyuma yake namwona mdogo wangu akimfunga Mdaku mkanda, hatazami huku. Mama anasema kitu, sikisikii. Ananingoja nijibu.