Nilimzimia Umeme Mwalimu wa Darasa la Jirani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla wivu haujanila nikabaki mifupa, maana mimi ni mwalimu wa hesabu wa siku nyingi, wanafunzi wananiita Mama Chaki na mimi najifanya sijui, na miaka yote hiyo mzazi akitaka mtoto wake ajue hesabu alikuwa anamleta kwangu, hadi mwaka huu mwalimu mkuu alipompa binti mmoja aliyetoka chuoni juzi chumba kinachopakana na changu, wakang'oa madawati, wakaleta meza za duara, projekta na vishikwambi, na meza ya mwalimu ikasukumwa pembeni kama jokofu bovu.

Sasa ukuta wetu ni mwembamba, mimi nafundisha, kule wanacheka, nikiuliza swali wangu wametega masikio upande wa pili, na kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba kitinda mimba wangu yuko darasa hilo, jioni hadithi ni moja tu, mwalimu katuuliza tunaonaje, mwalimu kasema hajui tutafute wote, jamani, mwalimu gani anasema hajui? Juzi namsaidia hesabu za sehemu akaniambia, "Mama, siku moja njoo ukae mezani kwetu, tutakuelewesha." Nikamfukuza akaoshe vyombo, nikajifungia chooni nikalia.

Nikasema hata mimi naweza. Nikapanga madawati yangu duara, nikasimama ubaoni kama kawaida, nusu ya darasa wakanipa kisogo, shingo zikawauma kwa kugeukageuka, na walipoanza kuongea wao kwa wao nikawafokea wanyamaze. Mwalimu mkuu akachungulia dirishani. "Mwalimu, umewaketisha watazamane, halafu unawakataza wasiongee?" Walimu wenzangu wamenicheka mpaka leo.

Hapo shetani akanipitia. Swichi kuu ya jengo letu iko nyuma ya kabati langu, na siku wakaguzi walipokuja kuliona darasa lake nikaizima, nikakaa nikisubiri aibu yake. Mshauri, hakuna kilichosimama! Nikasikia viti vinasogezwa, kisha sauti ya mwanangu akiwaeleza wenzake sehemu kwa kukunja karatasi, na wakaguzi wakapiga makofi.

Lawama zote zikamwangukia fundi umeme wa shule, mzee wa watu hana kosa, ameambiwa mbele yetu sote ofisini kwamba kazi yake ni mbovu na wiki ijayo analetwa mwingine. Mimi nilikuwepo, nikaangalia kikombe changu cha chai. Je, niombe uhamisho niondoke kimyakimya?

Mama Chaki

JIBU

Mama Chaki, pole. Kupitwa na mtoto wa juzi kunauma, na anayesema hakuumi bado hajapitwa. Pole yangu inaishia hapo hapo.

Uhamisho? Uhamie wapi ambako hakuna mwalimu kijana? Na huko nako utatafuta swichi? Mzee wa watu anapoteza mkate wake kwa mkono wako, wewe unaangalia kikombe! Mficha uchi hazai, mama. Kesho asubuhi, kabla kengele haijalia, ingia kwa mwalimu mkuu useme, "Ni mimi." Usilete habari za shetani, yeye hana funguo za darasa lako. Kisha mwombe fundi radhi ofisini, mbele ya walimu wale wale waliomwona akidhalilishwa. Utapewa onyo, pengine zaidi ya onyo. Lipokee, ni lako.

Sasa wivu wako. Umeme ulikatika na somo likaendelea, na hilo lingetosha kukufungua macho. Unavitamani vishikwambi, lakini siku ile havikufanya kazi yoyote, waliofanya kazi ni watoto. Wewe madawati uliyasogeza, mwenyewe hukusogea. Ukiwapanga duara, toka ubaoni, uwape swali moja gumu, wabishane, nawe upite ukisikiliza. Watapiga kelele. Vumilia.

Halafu gonga mlango wa jirani yako umwombe uingie kipindi kimoja. Kuuliza si ujinga. Usisimame mlangoni umekunja mikono kama mkaguzi. Kaa kwenye kiti cha mtoto, meza ya mwanao, na akikosea usimsahihishe, waachie wenzake.

Na jambo la mwisho, lililonisumbua tangu niisome barua yako. Sehemu alizowaeleza wenzake kwa kukunja karatasi, unadhani msingi wake aliupata wapi, kama si kwa mama anayemsaidia hesabu nyumbani? Mtoto huyo hajakuacha. Alikuambia njoo ukae mezani kwetu, nawe ukampa masufuria. Leo akirudi, osha vyombo mwenyewe, kisha muulize kama kile kiti bado kipo.