Nilivyomlaza Mke Wako Hotelini Mji wa Kale

Mpendwa Sokoro,

Kaa vizuri huko uliko, kwa sababu habari hii si ya kusikiliza ukiwa umesimama. Katika ukoo wetu wote, kuanzia wale waliozikwa kabla chai haijapandwa hapa Nyamira mpaka huyu mtoto wa shangazi aliyezaliwa juzi, hakuna mwanaume wa kunifikia. Hata wewe babu yangu hunifikii. Nimemchukua mke wako nikamtoa nyumbani, nikampeleka Mombasa, nikamlaza hotelini. Si hoteli ya mandazi na chai ya rangi, hapana. Hoteli ya mlango wa kuchongwa, ghorofani, dirisha linaangalia maji. Nimefanya hayo nikiwa na ndevu tano na elimu ya Form Two ambayo sikuimaliza, ilinimaliza yenyewe. Wewe ulikaa Mombasa ujana wako wote na hukuweza.

Usininunie. Mchezo huu ni wewe uliyenifundisha. Nilikuwa nikiingia jikoni kwa bibi, Magokoro wangu, nakukuta kwenye kiti chako karibu na moto, unaniuliza, "Kijana, umekuja kumwona mke wa nani?" Nami nakujibu, "Wangu. Wako ni yule mbuzi amefungwa nje." Bibi anacheka mpaka mwiko unamtoka mkononi. Baba akiwa karibu anainamisha kichwa anatoka, kwa sababu yeye ni mtoto wenu, na mtoto hasikilizi maneno kama hayo ya wazazi wake. Mjukuu ndiye anaruhusiwa. Nami nikipewa ruhusa huwa naitumia yote.

Unakumbuka jioni zile kwenye kituo cha kununua majani, tukingoja lori? Mimi nilikuwa nimekalia kikapu, wewe umeketi kwenye kile kigoda ulichonibebesha kutoka nyumbani kama vile mimi ni punda wako. Ulikuwa unachora Mji wa Kale chini kwa kijiti. Uchochoro huu, uchochoro ule. Ulisema kuna mahali mtu akinyoosha mikono anagusa nyumba mbili, moja kila upande. Ulisema muuza kahawa anapita akigonga vikombe, na mwadhini ndiye saa yako ya kwenda kazini kwenye ghala la chai, na paka wa huko wanatembea kama wenye nyumba. Wenzako huko walikuita Majani. Ulirudi nyumbani na jina hilo likakufuata mpaka kaburini.

Lakini Magokoro akikuuliza, mbele yangu kabisa, kwa nini hukuwahi kumpeleka, ulijibu maneno matatu tu: "Hakukuwa na nafasi." Halafu unageuza habari, unauliza kama ng'ombe amekunywa maji. Majani ya chai ya vilima vyetu yalifika Mombasa kila wiki, Sokoro. Mke wako hakufika.

Sasa nikuambie kitu ambacho hukukijua. Wewe ulipokwenda zako, bibi alikulilia vizuri, kila mtu aliona. Lakini siku moja alikuja kibandani kwangu pale Nyamira, mahali natengeneza simu, akangoja wateja watoke, akaniuliza, "Hiyo nafasi aliyokuwa anasema hakuna, ilikuwa imejazwa na nani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akafungua mfuko akatoa ile leso ya kujifunga uliyomletea zamani kutoka Mombasa, ya zambarau na maua meupe. Bado mpya kabisa, imekunjwa vilevile. "Mume wangu hakujua kuchagua hata kiatu chake," akasema. "Hii ilichaguliwa na mwanamke. Nataka kuona hiyo nyumba, na nikimpata mwenyewe nimrudishie."

Basi nikajua kazi imeniangukia. Kutafuta hoteli kwenye mtaa ambao nimeuona kwenye mchanga tu, ili bibi wa miaka mingi akajue kama alikuwa na mke mwenza. Mwingine angeomba msamaha akaendelea na simu zake. Mimi nilitoa simu yangu, ile yenye kioo kizima, tukaanza kutazama picha za hoteli na maoni ya wageni.

Hoteli ya kwanza ilikuwa vioo vitupu. Akasema inafanana na ofisi za kaunti, asije akaambiwa arudi kesho. Ya pili ilikuwa na taulo zimekunjwa kitandani zikawa bata wawili wanabusiana. Magokoro akatazama sana. "Sasa nikitoka kuoga nijifute na bata?" Ya tatu wageni waliisifu mno, kimya, pana, gari linakufikisha mlangoni. Akasema, "Hapo sokoro wako hakuishi."

Hapo ndipo akili yangu ilifanya kazi ambayo shule haikuwahi kuiomba. Nikaacha kusoma sifa, nikasoma malalamiko. Mgeni mmoja kasema hakulala kwa sababu ya adhana alfajiri. Mwingine, mtu anapita chini ya dirisha akigonga vikombe. Mwingine amechukia paka. Mwingine analia kwamba begi lake lilikwaruza kuta za nyumba mbili kwa wakati mmoja. Nilipomsomea hilo, Magokoro akashika mkono wangu. "Ni hapo," akasema. "Uliza kama ngazi iko na mahali pa kushika, na kama choo ni cha kukaa." Nikapiga simu, nikauliza yote mawili na kumi ya kwangu. Nikaangalia picha ya mlango, ya ngazi, ya choo, ya dirisha. Nilikagua kama mtu anayenunua ng'ombe.

Bonasi ya chai ilipoingia, tukapanga kuondoka Jumapili ili tusivunje Sabato ya mtu, maana kwetu ni Jumamosi. Baba akasema lazima yeye na Mama waje pia, eti mama yake hawezi kuachiwa kijana aliyewahi kupoteza mbuzi kati ya hapa na Keroka. Mbuzi alipotea mwenyewe, lakini sikubishana. Nikaongeza chumba cha pili. Baba na Mama kimoja, mimi na Magokoro kingine. Mimi nimelala kwa bibi tangu nilipoachishwa ziwa, hilo halina maneno.

Tulifika mchana. Mwenye hoteli ni mzee mmoja mrefu wa kanzu, Mzee Salim, na mkewe anaitwa Bi Zuhura. "Karibuni, mwatoka mbali," akasema, akatupandisha ngazi, akafungua vyumba viwili vinavyopakana. Magokoro alikwenda moja kwa moja dirishani akasimama hapo. Mimi nikawa naeleza watu wote jinsi nilivyopapata. Nikamwona Baba anatazama juu.

Nikatazama pia. Sokoro, ukuta kati ya vile vyumba haukufika kwenye dari. Juu yake kulikuwa na mbao zimetobolewa maua maua ili upepo upite. Kitu kizuri kwa watu wa Pwani. Mtu akikohoa huku, kule wanamwambia pole.

Baba akanivuta mpaka kwenye ngazi. "Wewe umeleta ensoni gani hapa?"

"Ensoni gani, Baba? Aibu iko wapi? Ni hoteli."

"Nilale na mama yako huku, na mama yangu kule anasikia nikigeuka?"

"Usigeuke."

Alinitazama nikajua hiyo ruhusa ya mizaha ni ya upande mmoja tu. Mama hata chumbani hakuingia, alikuwa amebaki ngazini na mkoba wake, uso ukutani. Kwetu nyumbani, mwana akioa anajenga yake, na mzazi hapiti mlango wa chumba cha mtoto wake, hata mvua inyeshe ya namna gani. Mimi nilikagua choo, nikasahau kwamba kati yetu kuna watu wasioweza kulala chini ya paa moja. Hoteli hiyo ingewafaa watu wote duniani, isipokuwa watu wanne kutoka Nyamira.

Baba akabeba begi, akasema wanatafuta kwingine, kule juu kwenye barabara kubwa. Mzee Salim akashangaa. "Mbona waondoka? Chumba kibaya?" Baba hakuweza kusema, kwa sababu hilo nalo halisemwi. Ikabidi nimweleze mimi, nisiye na haya.

Mzee akaketi kwenye baraza akacheka mpaka kofia ikamlegea. "Nyinyi Wakisii mna kazi. Hapa nyumba ya pili kulikuwa na mwenzenu, zamani, kijana wa ghala la chai. Wamepanga chumba kimoja watu sita. Alimtaka mkewe, kila siku mke wangu, mke wangu. Nikamwambia, mlete bwana, wale wengine tutawapa pa kulala. Akasema wengine si kitu, lakini mmoja ni babake mdogo, naye mgonjwa wa kifua, hawezi kumtoa. Na mkewe hawezi kulala chumba kimoja na mkwewe. Nikamwambia, weka pazia. Alinitazama kana kwamba nimemtukana mamake."

Nilisikia hatua nyuma yangu. Magokoro alikuwa ameshuka ngazi bila kushika mahali pa kushika.

"Huyo mtu aliitwa nani?" akauliza.

"Jina lake la kwao silikumbuki, mama. Sisi twalimwita Majani."

Baba, aliyekuwa amefika kona ya uchochoro na begi kichwani, akasimama. Bibi hakulia. Akafungua mfuko wake, akatoa leso, akaikunjua mbele ya mzee wa watu kama polisi. "Na hii ilichaguliwa na nani?"

Mzee Salim akaita ndani. Bi Zuhura akatoka akipangusa mikono, mama mzee, meno ya mbele hana. Akaishika leso, akaigeuza. "Hii? Nilichagua mimi. Yeye alishika ile ya kahawia, nikamwambia hiyo ya kumzikia mtu. Alinisumbua duka zima. Kila nikionyesha, asema, yeye ni mweupe kidogo kuliko wewe, yeye ni mrefu kidogo kuliko wewe. Ndiwe wewe?"

"Ndiye mimi," Magokoro akasema.

Wakaketi kwenye baraza wale wanawake wawili mpaka jua likapoa, mmoja na Kiswahili cha Pwani, mwingine na hiki chetu cha kuokoteza, wakicheka juu yako. Sijui yote waliyosema. Nilisikia tu bibi akisema, "Angeniambia. Neno moja tu." Halafu akajijibu mwenyewe, "Lakini angeniambiaje?" Hapo alimtazama Baba, aliyeshindwa kusema sababu yake hata kwa mwenye hoteli, na akatingisha kichwa. Kile nilichokosea mimi kwenye simu ndicho kilichomwonyesha alichokuwa hakijui maisha yake yote. Kwa hiyo naomba usiite kosa. Mimi siiti.

Siku hizi, Sokoro, amebadilika. Anakwenda kanisani na ile leso ya zambarau, na mtu akiisifu anamwambia, "Mume wangu alisumbua duka zima." Zamani akipita kaburini kwako alikuwa anapita tu. Sasa anasimama anang'oa majani, anakugombeza kidogo kwa sauti, anaendelea. Hapo migombani nakuonea wivu, nakuambia ukweli. Nilikuwa nimekushinda kabisa, na umerudi bila hata kutoka ardhini.

Natamani ungekuwepo nikuchekee vizuri. Kwenye kituo cha majani sasa kigoda chako anakalia mtu mwingine, naye hajui kuchora chochote. Wakiniuliza kuhusu Mji wa Kale nawachorea mimi, kwa kijiti, na nimeongeza uchochoro mmoja wa kwangu.

Nilitaka niishie hapo, nikiwa nimeshinda. Lakini wewe ulikuwa unanijua nikificha kitu, kwa hiyo chukua na hiki kimoja.

Nilikuambia nilikagua mlango, ngazi, choo na dirisha. Kitanda sikukagua. Baba na Mama walilala kule barabara kubwa, na mimi na bibi tulipoingia nikakuta ni kimoja, kipana, cha watu wawili, kina mito miwili. Sikujali. Nilitandika mkeka sakafuni nikalala kama gunia. Asubuhi adhana ikaniamsha, muuza kahawa anapita chini akigonga vikombe vyake, kila kitu kama ulivyosema. Nikainuka nimwambie Magokoro asikilize. Alikuwa macho tayari. Amejibana ukutani kabisa, ubavu mmoja, na upande wa huku shuka imenyooka, mto haujaguswa.

"Magokoro," nikamwambia, "kitanda chote ni chako. Mbona umejikunja hivyo?"

Akapapasa ile shuka iliyonyooka. "Leo nafasi iko," akasema.

Mimi, Sokoro, ambaye sijawahi kukosa la kusema, nilivaa viatu nikatoka nje.

Mjukuu wako, na mume mwenzako aliyelala kwenye mkeka