Tone la Maji Juu ya Ngozi

2 Juni

Kwako mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kile kifua kimetulia. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu, ila amesema nisiandike kwamba amenituma, kwa hiyo fahamu kwamba hajanituma.

Kibunduki cha kupulizia rangi kimefika salama pamoja na kompresa yake. Nilivificha chini ya kitanda siku mbili, kisha nikaona kuficha kitu kinachonguruma ni kujidanganya, nikavipeleka kwa baba karakanani. Alikigeuzageuza kibunduki kama mtu anayekagua samaki wa jana.

"Nani amekupa?"

Nikasema ni wewe. Akarudi kukata mikanda. Aliyesema ni Fundi Sindano, ambaye amekuwa akitushonea mikoba ya ngozi tangu sijazaliwa: "Basi tumekwisha. Sasa mikoba itapakwa poda na wanja."

Jioni baba akatoa sharti. Nipake mkoba mmoja, mama aubebe wiki mbili kila aendako. Rangi ikikaa, meza ya dirishani itakuwa yangu kila likizo, na nikimaliza shule itakuwa yangu moja kwa moja. Ikibanduka, kibunduki kirudi kwako na nisikitaje tena. Alisema rangi ya kupuliza huficha kasoro, na anayeficha kasoro ana sababu.

Meza hiyo ilikuwa yako, sivyo? Bado ina doa la samawati pembeni. Nikiuliza kwa nini uliondoka, kila mtu anakumbuka ana kazi jikoni.

Tafadhali nifundishe nianzie wapi. Meza hiyo naitaka sana.

Ni mimi, mwanao.

9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kinapumua, ahsante. Nimetoka kupaka bodi ya lori, mikono bado ina rangi nyekundu, usishtuke ukiona alama kwenye karatasi.

Anza na ngozi, usianze na rangi. Ngozi huja imevaa koti la kung'aa, na rangi haishiki juu ya koti. Chovya pamba kwenye spiriti, sugua taratibu mpaka pamba itoke safi. Kisha dondosha tone moja la maji. Tone likikaa juu, bado. Ngozi ikilinywa, iko tayari.

Rangi iwe nyepesi kama maziwa. Kidole kikibonyeza kitufe kinaleta upepo, kikivuta nyuma kinaleta rangi. Upepo uje kwanza, rangi ifuate. Ukimaliza, funga rangi kabla ya upepo, la sivyo itatema. Kaa umbali wa shibiri moja. Tabaka jembamba, kausha, tabaka jembamba tena. Mwenye haraka anapaka mara mbili. Vaa barakoa, kifua changu kikufundishe.

Jizoeze kwenye vipande vilivyotupwa kwanza.

Sasa la siri. Usiache kazi yako karakanani bila mlinzi. Miaka saba iliyopita nilipaka mikoba sita kwenye meza hiyo. Niliiandaa kwa mikono hii. Wiki haikwisha, rangi ikatoka yote kama ganda la kitunguu, na baba yako akasema mbele ya wateja kwamba alijua tu. Mwanangu, mtu aliichezea. Ufunguo ulikuwa mmoja, na aliyekuwa nao unamwita baba.

Kikulacho ki nguoni mwako. Sisemi zaidi.

Mama yako mdogo.

15 Juni

Kwako mama mdogo,

Shikamoo. U hali gani? Mimi mwili mzima, moyo ndio una homa.

Vipande vya kwanza viliniaibisha. Nilisogea karibu mno na rangi ikatambaa pande zote kama miguu ya buibui. Cha tisa kilitema. Cha kumi na nne kilitoa mstari mwembamba kama unywele, nikauonyesha kwa mama, mama akakitia kwenye pochi yake.

Fundi Sindano akanipa mkoba mmoja wenye kasoro wa kujaribia. Jioni niliusafisha kwa spiriti, tone likanywewa. Asubuhi nikapuliza tawi lenye majani saba, kijani kikififia kuelekea ncha. Mama mdogo, lilikuwa zuri. Nikapitisha vanishi. Siku ya tatu nilikunja kifuniko, jani moja likainuka lote na kunibaki kidoleni.

Kilichonisumbua ni hiki. Sikuwa nimemwonyesha mtu. Fundi Sindano aliniona tu nimesimama, akasema bila hata kuinua kichwa kwenye cherehani, "Imebanduka, eti?"

Alijuaje?

Baba naye hakuuliza kitu. Alikula, akaosha mikono, akatundika ufunguo msumarini. Niliutazama ule ufunguo mpaka mama akaniuliza kama una picha. Sipendi ninachokiwaza, na nimeanza kukiwaza hata nikiwa nasali.

Ni mimi, mwanao.

19 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Salamu nitakupa ndefu siku nyingine.

Umeona? Sikuwa naota. Mwenye kovu usidhani kapoa, na langu umelikuna.

Usilie, usigombane, weka mtego. Safisha ngozi ya mkoba wa sharti jioni. Dondosha tone kwa ndani ya kifuniko, mahali pasipoonekana. Likinywewa, funga. Bandika uzi mweusi ukikatiza mlango, chini, kwa gundi kidogo. Asubuhi tazama uzi, kisha dondosha tone tena kabla hujagusa rangi. Mtu anaweza kudanganya. Maji hayana ndugu.

Mama yako usimwambie. Atalia, na baba yako akimwona analia atajua.

Na huyo Fundi Sindano usimwamini pia. Siku ile mikoba yangu inabanduka alikuwa anakula karanga, na hakuacha kutafuna.

Mama yako mdogo.

24 Juni

Kwako mama mdogo,

Shikamoo. Naandika haraka, samahani kwa mwandiko.

Jioni tone lilinywewa mara moja, kama nilivyofundishwa. Asubuhi uzi ulikuwa umekatika. Nikadondosha tone jingine. Lilikaa juu ya ngozi kama shanga. Nikainamisha mkoba, likateleza likaanguka sakafuni.

Kwa hiyo ni kweli, kuna mtu.

Sikupaka rangi. Leo nimesafisha upya. Kesho kabla hakujakucha nitakuwa nimepenya dirishani na kujificha nyuma ya marobota ya ngozi. Nimekwisha kutoboa tundu la kuchungulia kwenye gunia linaloyafunika.

Mama mdogo, nikimwona ni baba, nitakaa naye vipi mezani?

Ni mimi, mwanao.

1 Julai

Mwanangu,

U mzima? Siku saba kimya. Kila gari la vifurushi likifika naacha kazi nakimbilia ofisini kwao, mpaka karani ananiuliza kama nina mchumba.

Umemwona au hukumwona? Kama amekuadhibu, niambie. Kama umekasirika nami kwa kukutuma uchunguze nyumbani kwenu, niambie pia. Hata mstari mmoja.

Mama yako mdogo.

4 Julai

Kwako mama mdogo,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Niliandika barua tatu nikazichana, kwa sababu kila moja ilimfanya mtu mmoja aonekane mbaya, na mwalimu wetu alitufundisha kwamba ukiona hivyo hujamaliza kufikiri.

Ni baba.

Tafadhali usiikunje barua hapo. Endelea kusoma.

Aliingia na taa mkononi. Alikaa kwenye kigoda chake, akaupakata mkoba wangu, akafungua kopo la nta. Akachukua kitambaa laini akaanza kuisugua ngozi polepole, duara baada ya duara, kama anavyompaka mama mgongo akiumwa. Nikamsikia akisema na mkoba: "Umeachwa mkavu tena, maskini."

Nikatoka kwenye magunia nimejaa vumbi. Alishtuka mpaka kopo likabiringika.

"Baba, unafanya nini?"

"Nilitaka nimalize kabla hujaja."

"Umalize nini?"

"Mwanangu, unaiosha ngozi kwa dawa kali halafu unailaza hivyo hivyo. Inakauka kama midomo. Ni kosa la mwanafunzi, kila mtu hulifanya. Sikutaka Sindano alione, angekucheka mwaka mzima."

Nikachukua glasi ya maji. Nikadondosha tone pale alipokwisha kupaka. Likasimama. Nikadondosha pale ambapo hajafika. Likazama. Nikamwambia, "Rangi nayo ni hivyo hivyo, baba. Inataka mlango. Wewe unaufunga."

Aliliangalia lile tone muda mrefu sana.

"Na yule?" akauliza. Hakutaja mtu, lakini macho yake yalikuwa kwenye doa la samawati. "Yule naye alikuwa akiacha ngozi kavu. Kila jioni. Nilimpakia nta yote sita asiaibike. Halafu rangi ilipotoka nikasema, unaona, rangi zenyewe mbovu." Akainama akaokota kopo. "Mbona hakuniuliza?"

"Mbona wewe hukumwambia?"

Najua hayo si maneno ya kumwambia baba. Hakunikemea.

Fundi Sindano nilimuuliza jinsi alivyojua. Akasema, "Filamu hii nilishaiona. Nilidhani ni rangi, kama kila mtu." Karanga anasema zilikuwa chakula chake cha mchana.

Mkoba wa sharti niliusafisha upya, ukalala kwenye kabati la mama, nikaupaka rangi tarehe ishirini na sita. Leo ni siku ya nane anaubeba. Jana ulinyeshewa. Baba anaukagua kila akirudi, anasema anatafuta ubovu, ila jana nilimkuta anauonyesha kwa jirani.

Sijui nikuombe nini. Naomba tu usikasirike peke yako huko.

Ni mimi, mwanao.

12 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Kifua changu ni kizima, na wewe nakuombea uzima.

Barua yako niliikunja pale pale uliponikataza. Nimeifungua jana.

Mmoja wa ile mikoba sita ninao. Niliondoka nao, nikautundika nyuma ya mlango hapa ninapolala, ili nisije nikasahau nilivyofanyiwa. Jana niliushusha. Nikapitisha ukucha pale rangi ilipobanduka, ukatoka na utando wa njano. Nikaunusa. Ni nta ya shemeji, ile anayoichemsha mwenyewe. Miaka saba nimeuhifadhi kama ushahidi, sikuwahi kuusoma.

Na kuna jambo jingine, gumu kuliandika. Pale ambapo hakupaka nta, kwenye mshono wa chini, ngozi imepasuka. Hapo alikuwa na haki. Ngozi inataka nta yake, ila baada ya rangi na vanishi, pembeni pote palipobaki wazi. Mimi sikulijua hilo, na yeye hakujua langu. Tungekuwa na mikoba mizuri sana.

Siku ya kumi na nne iliangukia juzi. Hukuniandikia matokeo, nami sikuulizi. Nitayaona mwenyewe. Nakuja Jumamosi na gari la asubuhi, nimeubeba huo mkoba begani.

Mwambie shemeji asitupe kopo lake. Mwambie pia asiguse ngozi niliyoisafisha mpaka nimwite.

Kwenye meza ya dirishani sogeza vitu vyako upande mmoja, tutaenea.

Mama yako mdogo.