Matawi ya Kilomita ya Tatu

JAMHURI YA ZAIRE
JANDARMERI YA TAIFA, BUNIA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Afoyorwoth Ucircan. Umri: miaka ishirini na mitatu. Kazi: mwanafunzi wa biolojia, mwaka wa mwisho, kampasi ya Kisangani. Makao: kwa wazazi, Mudzipela, Bunia. Yameandikwa Jumanne, tarehe 14 Agosti 1984, kuanzia saa tatu na nusu asubuhi.

Nimekuja mwenyewe, hakuna aliyeniita. Jina langu la ubatizo ni Marcelline. Ajida, ofisa anayeniandikia, amenikumbusha kwamba majina ya kigeni ya namna hiyo serikali imeyakataza, hayaandikwi siku hizi, lakini nalitaja kwa sababu mlinzi wa hifadhi, Mbusa, huniita hivyo, na Mbusa yumo katika chumba cha mahabusu nyuma ya ukuta huu tangu juzi usiku. Anashtakiwa kwamba aliwatega watu ndani ya hifadhi. Nimekuja kueleza ni nani aliyeweka matawi yaliyokutwa njiani.

Tangu tarehe 9 Julai nakaa kwenye barieri, kizuizi cha lango la hifadhi ya taifa, kusini mwa Aveba, kwa ajili ya utafiti wangu wa mwisho. Napima madhara ya magari na pikipiki zinazoacha njia na kuingia majanini. Gurudumu moja likipita kwenye udongo uliolowa huacha mfereji, mvua inayofuata huupanua, na mwaka wa pili mahali hapo hapaoti kitu. Nimepima mifereji arobaini na mmoja. Yote ilichimbwa na watu waliokuja kustarehe.

Mnamo Jumamosi tarehe 11 Agosti mvua ilinyesha kuanzia saa nane mchana hadi jioni. Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mimi na Mbusa tulikagua njia. Kwenye kilomita ya tatu, mita zipatazo mia mbili zilikuwa tope tupu. Nilisema pafungwe. Mbusa alikubali, akataka arudi barierini kuchukua mnyororo na vigingi viwili. Nilimwambia tusipoteze saa nzima. Tukate matawi mabichi, tuyalaze katikati ya njia, yatatosha.

Mbusa alisema: "Marcelline, matawi iko luga ya bashofere. Ukiyaona mu barabara, unajua motokari imekufa mbele. Unapita pembeni."

Nilimjibu: "Muzee, hao wanaokuja na pikipiki za bei ile bamesoma. Bataelewa."

Akasema: "Basi siye tutabaambia pa barieri. Tusisahau."

Panga lilikuwa lake, mkono ulikuwa wangu. Nilikata matawi saba ya mti wa ukingoni na kuyapanga mwenyewe. Mbusa hakugusa hata moja.

Saa nne kamili walifika barierini: Land Rover moja na pikipiki tatu. Land Rover iliendeshwa na mfanyabiashara anayejulikana mjini Bunia kwa jina la Gérard. Pikipiki ya mbele ilikuwa ya mdogo wake, Alphonse. Wapanda pikipiki wengine wawili siwajui. Mbusa aliwasalimu, akaandika namba za magari, akaanza kuwaeleza masharti: wasiache njia, wasizidi mwendo wa mtu anayekimbia, wakiona wanyama wazime injini na kungoja. Alikuwa bado hajafika kwenye habari ya matawi.

Mmoja wao alicheka, akasema: "Papa, majani inaota tena. Weye kwenu hamuna majani?"

Hapo niliingilia. Nilisema kwamba ardhi hii si uwanja wa watoto wa matajiri. Kwamba raia wa Aveba hufungwa kwa kuokota kuni humu, wakati wao wanalipasua pori kwa mpira wa magurudumu na kuita jambo hilo mapumziko. Kwamba kizazi kitakachokuja kitawauliza kwa haki gani. Kila neno lilikuwa kweli na bado nalisimamia. Lakini nilisema kwa dakika kumi nzima. Mbusa alinyoosha mkono mara mbili ili aongeze jambo, na mara mbili nilimwambia: "Ngoja, sijamaliza."

Gérard alimgeukia mdogo wake: "Ona, tumelipa kuona nyati, tumepata profesere." Wakacheka wote. Kisha akaniambia: "Mamzele, tutasoma siku ingine," akawasha gari. Wenzake wakamfuata. Mbusa alikimbia nyuma yao akipunga kofia na kupaza sauti: "Kilomita tatu! Kilomita tatu pamefungwa!" Injini nne zilikuwa zikivuma. Hakuna aliyegeuza kichwa.

Tuliwafuata kwa miguu, mbio. Saa nne na dakika thelathini na tano tulisikia pikipiki moja ikipiga kelele kama iliyoinuliwa hewani, kisha ikanyamaza.

Tulipofika, matawi yalikuwa palepale nilipoyaweka. Pikipiki ya Alphonse ilikuwa imeyazunguka kushoto, ikapita majanini hatua kama thelathini, ikatumbukia katika dimbwi la nyati lililofunikwa na majani marefu. Alphonse alikuwa chini, paja limevunjika. Land Rover nayo ilikuwa imeingia majanini kumfuata. Ilichimba mifereji miwili inayonifika gotini. Sikuipima.

Nilimshika Alphonse kichwa. Alisema, na haya ni maneno yake: "Niliona matawi, nikasema kuna motokari imekufa. Nikapita pembeni. Si njo tunafanya siku zote mu barabara ya Aru?"

Gérard alimkamata Mbusa shingoni: "Weye njo umetega ndugu yangu! Ulikasirika juu tulicheka!"

Mbusa alinitazama. Alikuwa na nafasi ya kusema. Alisema tu: "Tubebe kwanza mugonjwa."

Nami niliyehutubia dakika kumi kwa watu waliotaka kupita, sikutamka neno. Nilisimama nikiwa nimeshika kofia ya Mbusa iliyoanguka. Walimpakia Alphonse katika Land Rover, wakamfunga Mbusa mikono kwa kamba ya kuvutia gari, wakaondoka naye saa sita kasoro robo.

Jumatatu nilikaa barierini nikiandika kurasa nne za kumtetea Mbusa. Nilimshtaki Gérard, nikawashtaki matajiri wote wa mji huu. Neno matawi halikuwamo. Usiku nilizisoma, nikaona nimeandika hotuba nyingine. Nilipanda lori la viazi alfajiri, na kurasa hizo sikuja nazo.

Gérard na wenzake walikwenda kasi, na walidharau mtu aliyewaambia masharti. Hilo naomba liandikwe. Lakini hawakuvunja barieri, na Alphonse alifuata alama aliyofundishwa na barabara. Aliyeweka alama ya uongo ni mimi. Aliyemzuia Mbusa asiifafanue ni mimi.

Ajida ameweka kalamu chini, akaniuliza: "Citoyenne, mwezi wa kumi unarudi ku masomo. Hii ya mwisho niandike?" Nimemwambia aandike. Ameniuliza mara ya pili. Nimemwambia aandike kama nilivyosema.

Niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyafanya ni hayo. Nimesomewa, nimeyakubali, natia sahihi bila kushurutishwa.

(Sahihi) Afoyorwoth Ucircan

Maelezo ya ofisa: Shahidi amesomewa yote kwa Kiswahili na hakubadilisha kitu. Mgonjwa Alphonse, aliyeulizwa hospitalini saa saba mchana, amethibitisha habari ya matawi. Mlinzi Mbusa ameachiliwa saa kumi na dakika ishirini na kurudishiwa mshipi na viatu. Alipoelezwa sababu, aliomba kumwona shahidi, hakuruhusiwa. Shahidi ameingizwa katika chumba hichohicho saa kumi na nusu, akingoja amri ya mwendesha mashtaka. Mlinzi bado amekaa kwenye ngazi za kituo. Ameambiwa aende nyumbani, amekataa.

(Sahihi) Ajida Lokana, Bunia, 14/8/1984