Jina banakatazaka mu kambi

Mama Ilunga, bibi yangu wa roho, jambo sana toka huku mu pori ya Sandoa. Niko muzima, na bado hakuna muntu anapiga bunduki kama mi.

Unajua bawindaji banakatazaka kutaja samaki mu kambi: banasema nyama inasikia, inakimbia. Jana nilikuwa nafata kulungu moja, mukubwa kama ngombe. Bunduki tayari. Palepale moshi ya kambi ikanifikia mu pua, nikakuona wewe kule Nzilo, kando ya mayi, unageuza samaki juu ya moto. Kinywa ikasema yenyewe: "Samaki!" Kulungu ikapotea.

Benzangu bakacheka: "Tata, leo utakula ile jina na bukari, nyama hakuna!" Nikajibu ni upepo tu njo ilikimbiza kulungu.

Mvua ya kwanza ikinyesha, kuwinda inaisha, njo narudi. Usiende Nzilo na kaka yako mbele sijafika. Ule hajue hata kufunga ndobo ya kuvua samaki. Unichungie fasi yetu pale kando ya mayi.

Hapa siwezi kusema kwa sauti, lakini ku hii kadi nakuandikia, kulungu haisikie: samaki, mama. Samaki na wewe.

Bwana yako,
Tata Ilunga