Fanuel Anaitika kwa Jina la Marehemu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijapata wazimu. Mimi ni nahodha wa timu ya raga hapa Homa Bay, na mwezi uliopita tulipocheza na vijana wa Isebania mchezaji wao, Matiko, alimkaba rafiki yangu Fanuel shingoni akamwinua akambwaga kichwa chini, refa akapuliza filimbi tu, na Fanuel akalala kimya kisha akafungua macho akaniita Rateng', jina ambalo kaka yake Simeon peke yake ndiye aliyekuwa akiniita, na Simeon tumeshamzika. Hatukuwa na mchezaji wa akiba wa kumwingiza, basi nikamwambia asimame, akasimama, akacheza mpaka mwisho huku akitabasamu, na kesho yake akaniuliza mechi ni lini. Tangu hapo anaumwa kichwa, anatapika, anakimbia jua, anakaa kwenye kiti cha Simeon akiuliza nyavu zake za samaki zimeanikwa wapi, ingawa mvuvi alikuwa Simeon, na ukimwita Fanuel hageuki, ukimwita Simeon anaitika. Mama yao, Mama Filister, analia kwa furaha. Ananiambia, "Walter, Simeon amerudi kutafuta jina yake. Tukimpatia, hiyo kichwa itapoa." Wazee wamekubali, kuku wa tambiko la kumpa jina yuko tayari, na timu inataka siku ya fainali Fanuel aingie na jezi ya Simeon, kwa sababu Simeon naye alikuwa wetu mpaka alipoangukiwa kwenye skramu, pale wachezaji wanaposukumana kugombea mpira, akarudi nyumbani akilalamika kichwa, akalala asiamke, watu wakasema amerogwa. Nikimwacha Fanuel nje tutacheza kumi na wanne badala ya kumi na tano na nitaitwa mwoga. Nimpange?

Walter, Homa Bay

Walter, pole sana. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliinuka nikafunga dirisha.

Hivi mkono wako haukusita ulipoandika habari za Simeon? Aliumia uwanjani, akalalamika kichwa, akalala. Nyinyi mkatafuta mchawi! Sasa mdogo wake anatapika na hajui jina lake, nawe unaniuliza habari za jezi. Unahodha gani huo?

Mambo ya jina waachie wazee, sina ugomvi na kuku wao. Wewe mpeleke Fanuel hospitali leo hii, umweleze daktari yote, tangu alipobwagwa mpaka hizo nyavu. Asiguse mpira mpaka daktari aseme. Halafu washtaki kwa viongozi wa mashindano, Matiko kwa kukaba shingo na refa kwa kutomwadhibu. Fainali chezeni kumi na wanne, mfungwe, mzomewe, na wote mrudi nyumbani mle ugali.

Mama Filister akikataa, usibishane naye. Mimi sijui kama Simeon amerudi. Lakini kama amerudi, mwambie mama yake hivi: mtoto huyo hakuja kutafuta jina, amekuja kumtoa mdogo wake uwanjani.