Mazabodi Aliyoiita Mbovu

Jumanne, Magomeni

Nimekasirika kweli. Huyu Hamisi, mdogo wa mume wangu, anajiita fundi!

Wiki nzima video ya harusi ya watu wa Mahurunga, ninayowahariria kwa malipo, inagandaganda. Hamisi akafungua kompyuta, akachungulia, akasema, "Shem, mazabodi yako, huu ubao mkuu wa ndani, haikubali RAM mbili, hivi vijiti vya kumbukumbu, kufanya kazi kwa pamoja, ile dual channel. Nunua nyingine. Hii mbovu niachie mimi."

Nikamwamini.

Leo, kabla sijanunua, nimeifungua kompyuta mwenyewe. Jina la mazabodi limeandikwa palepale juu yake. Nimelitafuta mtandaoni, kumbe inakubali! RAM zote mbili zilichomekwa upande mmoja badala ya kila moja upande wake, na aliyezichomeka ni yeye huyohuyo Hamisi. Nimehamisha moja, nikawasha, programu ya kukagua ikaandika: Dual. Video sasa inateleza.

Sijui ni ujinga au...

Mume wangu anasema ninyamaze, ni mdogo wake. Mbona mama wa bibi harusi aliponifokea kwenye simu kwa kuchelewesha video, hakuna aliyemwambia anyamaze?

Kesho Hamisi anakuja kuchukua mazabodi "yake". Nitamkaribisha chai, nitawasha kompyuta, kisha nitamwomba anisomee lile neno Dual kwa sauti, mama mkwe akisikia.